Mtoto wa Sura ya Tisa

Athens, 4 Septemba 2017

Bwana Kotanidis,

Hunifahamu. Naitwa Rodanthi Mavrea. Ninafanya kazi katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la miwani, na kazi yetu ni kuvitafutia vitabu vya Kigiriki vya siku hizi wachapishaji wa nchi za nje. Tunasoma vinavyotoka, tunachagua vichache, tunatafsirisha kurasa ishirini za kila kimoja, kisha tunazibeba hadi kwenye maonyesho ya vitabu kama mchuuzi na kapu lake. Mara nyingi kapu hurudi lilivyokwenda.

Mchapishaji wako wa Kozani amenipa anwani. Anasema simu hupokei na kompyuta huna. Utanisamehe mwandiko; miaka mingi sijaandika barua.

Nimeisoma riwaya yako, Tabaka la Tatu. Naambiwa zilichapwa nakala mia sita na mia nne bado zimo ghalani. Mimi husoma vitabu kama tisini kwa mwaka, na kusema kweli, wiki ya pili ikifika sikumbuki hata kimoja. Chako nakikumbuka: kijiji kinahamishwa ili yachimbwe makaa yaliyo chini yake, nyumba, kanisa, mpaka wafu, na dereva Lazaros yuko juu ya katapila, anakichimba kijiji alichozaliwa.

Naomba ruhusa nitafsirishe kurasa ishirini, nizipeleke kwenye maonyesho ya Frankfurt mwezi ujao.

Rodanthi Mavrea


Petroraki Mpya, Kozani, 15 Septemba 2017

Bibi Mavrea,

Barua yako ilikuja na bahasha yenye nembo, nikadhani ni ya kodi. Nikaiweka juu ya friji siku tatu. Jirani yangu wa nyumba ya mbele, Kiriaki, ndiye aliyenikemea. "Ifungue, Savas! Serikali haiandiki kwa mkono."

Mimi si mwandishi. Nimeendesha katapila miaka thelathini na moja. Nilipostaafu, mke wangu alikuwa amekwisha kufa, na televisheni inanipa kizunguzungu, basi nikaandika. Walionisoma huku ni mwalimu mmoja na kasisi, na kasisi hakumaliza.

Wageni watataka nini na vumbi letu? Mtalii wa mwisho kufika hapa alikuwa amepotea njia. Tulimpa maji, tukamwonyesha barabara.

Lakini chukua kurasa zozote unazotaka. Karatasi ni yako, miguu ni yako.

Savas Kotanidis


Athens, 23 Oktoba 2017

Mzee Savas,

Nimerudi kutoka Frankfurt. Niliketi kwenye meza ile ile siku tano, nusu saa kwa kila mgeni. Nakupa habari zilivyo.

Mfaransa mmoja, mtu mpole sana, aliniuliza bahari iko wapi. Nikamwambia iko mbali, nyuma ya milima. Akafunga daftari. Mwingereza aliuliza kama Lazaros hawezi kuwa na hoteli ndogo kisiwani. Bibi wa Kiholanzi alitaka mgogoro wa uchumi. Aliuliza kama kuna mhusika anayejiua kwa sababu ya benki. Nikasema hayupo. Akasema "pole", kana kwamba nimefiwa.

Siku ya nne alikuja Halina Wrzos, kutoka Katowice, Poland, mji wa makaa. Ana nyumba ndogo ya uchapishaji: yeye, shemeji yake, na mbwa. Baba yake alifanya kazi chini ya ardhi. Kigiriki alikijua utotoni, kwa majirani waliokimbilia kwao baada ya vita vyetu vya wenyewe kwa wenyewe, na hutafsiri mwenyewe. Nilikuwa nimechagua sura ya kwanza na sura ya tisa. Alisoma akiwa amesimama. Nikamwambia keti, hakusikia. Miadi yake iliyofuata ilimpita.

Anakitaka kitabu. Sura ya tisa hasa, pale orodha inaposema pembe ya makaburi imekwisha kusafishwa, Lazaros akaichimba, akaona kiatu, na kumbe mtoto Ilias bado yumo. Aliniuliza, "Lazaros ni nani? Mtu hawezi kukibuni kiatu kile." Nikamwambia nitakuuliza.

Ningepaswa kuwa na furaha. Nadhani ninayo, mahali fulani.

Rodanthi


Petroraki Mpya, 2 Novemba 2017

Bi Rodanthi,

Mpe mama wa Kipolandi kitabu. Ila sura ya tisa itoke. Aruke kutoka ya nane hadi ya kumi. Msomaji hatagundua, na akigundua atadhani ni uzembe wa mchapaji.

Lazaros si mtu. Ni jina tu.

Huku baridi imeanza. Kiriaki ameleta pai ya maboga na anakusalimu. Anadhani wewe ni mchumba wangu wa Athens. Sijamkatalia, maana akiacha kudhani hivyo atauliza barua zinahusu nini.

Savas


Athens, 13 Novemba 2017

Mzee Savas,

Ukiitoa sura ya tisa, kinachobaki ni mashine na hali ya hewa. Nisamehe kwa ukali. Siku hizi sina nguvu ya kuyapamba maneno.

Nikueleze kwa nini nilikichagua kitabu chako. Miaka mitatu sasa mambo hayanigusi. Naamka, nakunywa kahawa, naja kazini, nasoma, naandika muhtasari kwa lugha mbili: "Riwaya yenye nguvu kuhusu kumbukumbu na hasara." Naweza kuandika hivyo juu ya kitabu chochote, na nimeandika. Sura ya tisa niliisoma mezani jikoni nikila mkate. Niliuweka mkate chini. Sikulia wala nini. Niliuweka tu, na asubuhi nikaukuta umekauka pale pale. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Halina hatakichukua kitabu bila sura hiyo. Ameomba pia aitangulize katika jarida dogo la kwao, wasomaji waonje. Nimemwambia asubiri neno lako. Niambie sababu, nami nitajua la kumjibu.

Rodanthi


Petroraki Mpya, 27 Novemba 2017

Rodanthi mwanangu,

Umeomba sababu. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii.

Lazaros ni mimi.

Ilikuwa 1998. Makaburi ya kijiji yalikuwa yanahamishwa na mkandarasi mdogo, ambaye kampuni yake ilikufa zamani. Watu wake walifukua, wakaweka mifupa ndani ya masanduku, wakaandika majina. Kila safu iliyokwisha ilitiwa alama kwenye orodha, nasi wenye makatapila tukafuata. Asubuhi moja nikaambiwa pembe ya makaburi yenye mlozi iko tayari. Nilichota mara mbili. Mara ya tatu nikaona kitu chekundu kwenye udongo. Nikazima mashine, nikashuka. Kilikuwa kiatu cha mtoto, chekundu, na kifungo cheupe kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Michoto miwili ya kwanza ilikuwa imekwisha kupanda mkanda wa kubebea udongo, na mkanda haukusimama siku ile wala siku yoyote.

Msimamizi alikuja, akatazama, akavuta sigara nzima. Akasema, "Savas, una watoto?" Nikasema sina. Akasema, "Basi huna wa kumsimulia. Panda." Jioni walichukua mifupa kwenye kaburi lisilo na jina, la mtu wa siku za vita, wakajaza sanduku dogo, wakalipiga misumari. Juu waliandika Martha Efremidou, miaka saba.

Kiatu nilikitia kwenye mfuko wangu wa chakula. Zamu ilipokwisha nikashindwa kukipeleka nyumbani. Nilikirudisha juu ya mkanda, kikaenda zake.

Martha ni binti yake Kiriaki. Alikufa 1979, homa ya uti wa mgongo, siku mbili tu. Kiriaki analitunza kaburi la lile sanduku. Kila Jumamosi huwasha taa ya mafuta, miaka kumi na tisa sasa. Kisha hupitia kwangu na pai.

Kwenye kitabu nilimgeuza mtoto akawa mvulana, na kijiji nikakipa jina jingine. Nakala mia mbili hazifiki kwa mtu. Lakini ng'ambo wakikipenda, waandishi wa habari watakuja na kamera, na yeye hukaa dirishani.

Ndiyo maana nasema sura itoke.

Savas


Athens, 8 Januari 2018

Mzee Savas,

Barua yako ilichelewa kwa mgomo na sikukuu, lakini hilo silo tatizo. Tatizo ni mimi.

Nilikudanganya. Halina hakuwa akisubiri neno lako. Ruhusa ya jarida nilimpa pale pale Frankfurt, kwa kupeana mikono, kwa kuwa ulisema nichukue kurasa zozote. Nilipokuandikia Novemba, sura ya tisa ilikuwa imekwisha kupelekwa kiwandani. Nilidhani ungekubali na jambo lingekwisha. Imetoka Desemba. Mgiriki mmoja aishiye huko ameisoma na kulipigia simu gazeti la mkoa wenu. Gazeti limempata mchapishaji wako, na mchapishaji kwa furaha yake amewapa sura nzima kwa Kigiriki. Itatoka mwezi ujao na picha yako. Nimewasihi wasiitoe. Wakanijibu, "Bibi, kazi yako si kukitangaza kitabu?"

Sijui kuomba radhi kwa jambo kama hili, kwa hiyo nitakueleza lingine.

Mume wangu Stratis alikufa Julai 2014. Hapa Athens ardhi ya makaburi haitoshi, unajua. Baada ya miaka mitatu mtu hufukuliwa, ndugu husimama pale, mifupa huoshwa kwa divai na kuwekwa sandukuni. Asiyekuwa na ndugu wa kusimama hutiwa kwenye shimo la wote. Niliandikiwa barua mara mbili. Siku ya mwisho ya kujitokeza ilikuwa tarehe nne Septemba, saa tatu asubuhi. Saa tatu hiyo nilikuwa mezani kwangu nakuandikia wewe barua ya kwanza.

Wewe uliambiwa pembe ile haina mtu. Mimi nilijua kuna mtu.

Barua yako nimeichoma.

Rodanthi


Petroraki Mpya, 11 Februari 2018

Bi Rodanthi wa Athens,

Mimi ni Kiriaki Efremidou, jirani yake Savas. Anwani nimeikuta nyuma ya bahasha zilizo kwenye pipa lake, maana mlango hafungui. Nimesoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo mpwa wangu Parthena ananiandikia. Ninayosema ni yangu.

Jana ilikuwa Jumamosi ya wafu. Nilichemsha ngano ya kuwaombea wafu, nikapeleka kanisani, nikampelekea mtoto wangu. Niliporudi Parthena alikuwa na gazeti. Akasema, shangazi, Savas yumo gazetini, ameandika hadithi nzuri ya mtoto. Nikamwambia nisomee, huku nachambua dengu.

Mtoto wa hadithi ni mvulana. Nikasema maskini. Ana miaka saba. Nikasema maskini. Kisha Parthena akasoma habari za kiatu.

Bibi, viatu vile vilinunuliwa Ptolemaida kwa ajili ya Pasaka. Kifungo kilimdondoka kanisani siku hiyo hiyo, nikashona kingine kwa uzi wa buluu, mwekundu sikuwa nao. Nilimvika kwa mikono yangu kabla hawajafunga jeneza. Sikumwambia mtu habari za uzi. Nani husimulia habari za uzi?

Nimebisha mlango wake jana na leo. Namsikia anatembea ndani. Nikamwambia nje ya mlango, "Savas, sema ndiyo au sema hapana, halafu nitakwenda zangu." Mlango haukufunguka.

Wewe ndiye unayeandikiana naye. Niambie. Sura ya tisa ni ya kweli?

Kiriaki Efremidou


Athens, 16 Februari 2018

Mama Kiriaki,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilianza kukuandikia kwamba si langu kusema, muulize mwenyewe. Nikaona kwamba hilo nalo ni jibu, tena la mwoga.

Ni ya kweli. Si mvulana, ni Martha. Mengine anayajua Savas na ni haki yako kuyasikia kutoka kwake. Nimemwandikia leo kwamba nimekwambia. Sasa hana cha kuficha, labda atafungua.

Iliyochapishwa gazetini ilitoka mikononi mwangu. Yeye alitaka sura hiyo itolewe. Mwenye kuipeleka Poland ni mimi.

Rodanthi Mavrea


Petroraki Mpya, 20 Machi 2018

Rodanthi,

Nilifungua.

Aliingia, hakuketi. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, na sigara ya msimamizi, na mfuko wa chakula. Nilidhani atanipiga. Nilikuwa tayari, hata miwani niliivua.

Akauliza, "Ulikirudisha juu ya mkanda?"

"Ndiyo."

"Ulishindwa kunibishia hodi?"

"Nilishindwa."

"Nyumba yangu wakati ule ilikuwa ya nne kutoka kwako, Savas. Ulishindwa nyumba nne."

Akauliza mkanda ulikuwa unamwaga wapi. Nikamwambia kilima cha kifusi, upande wa kusini. Kila kisicho makaa kilimwagwa huko. Akasema nimpeleke.

Tulikwenda Jumanne, mimi, yeye na Parthena, kwa gari langu. Kwenye kizuizi kijana wa ulinzi alitaka kibali. Kiriaki akateremsha kioo, akamwambia, "Mwanangu, nina mtoto humu ndani." Kijana akatutazama sote watatu, akainua mti.

Kilima kimepandwa miti ya miiba, maelfu kwa maelfu, kwa mistari. Hakuna ndege. Kiriaki alipanda polepole na fimbo yake. Juu akaniuliza, "Mti gani?"

Nikasema, "Sijui. Udongo ulimwagwa miaka, ukasukumwa, ukasawazishwa. Anaweza kuwa popote kuanzia hapa hadi kule barabarani."

"Kwa hiyo popote nikikanyaga."

"Ndiyo."

Akavua viatu. Machi, Rodanthi, theluji bado iko kwenye vivuli. Akatembea kwa soksi kutoka mwanzo wa kilima mpaka mwisho, mstari baada ya mstari, saa nzima na zaidi. Parthena alitaka kumfuata akamkataza. Mimi nilisimama kando ya gari. Nilitazama miguu yake. Nilijaribu kuhisi lile ninalopaswa kuhisi na halikuja. Ilikuja ganzi tu, kama siku ile ya mashine.

Tulipofika kwake akasema mambo mawili. La kwanza, nisimsalimie tena, si barabarani wala kanisani. La pili, kwenye kitabu cha Poland yule mvulana atoke. Awekwe Martha, binti ya Kiriaki na Anestis, miaka saba, kwa jina lake lote. "Ulimzika mara moja bila jina," akasema. "Huwezi kumzika mara ya pili kwa jina la mtoto wa kubuni."

Jumamosi alikwenda makaburini kama kawaida yake. Parthena aliniambia nje ya duka la mikate. Alimuuliza, shangazi, sasa unamwashia nani taa? Hujui hata ni mtu gani. Akajibu, "Nimemlea miaka ishirini. Nimwache sasa?"

Mwambie mama wa Kipolandi abadilishe jina.

Savas


Athens, 9 Aprili 2018

Mzee Savas,

Nilimpigia Halina siku ile ile. Kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa. Akasimamisha kazi, akabadilisha kila mahali, na kwa kuwa Kipolandi kinageuza vitenzi kikimtaja msichana, ilimbidi apitie sura nzima neno kwa neno. Shemeji yake alinung'unika. Halina alimwambia akamtembeze mbwa.

Kitatoka Septemba. Wanakualika Katowice Oktoba, ukumbi wa wachimbaji wastaafu. Nenda.

Kuhusu kunisamehe, hujasema na siulizi.

Wiki iliyopita nilikwenda makaburini. Mwanamume mwenye sweta alifungua daftari, akapitisha kidole, akasoma: Stratis Mavreas, amefukuliwa tarehe sita Septemba, hapakuwa na ndugu, shimo la wote. Aliniuliza kama nataka kupaona. Ni mfuniko wa zege, mpana kama meza yetu ya Frankfurt, na pete ya chuma katikati. Nilisimama. Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maua akasema "Mungu awape pumziko", kwa wingi, na mimi nikasema amina.

Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka. Nilipanda basi, nikarudi ofisini, nikaandika muhtasari wa riwaya ya kijana mmoja wa Patra. Sikuandika "kumbukumbu na hasara". Nilikaa saa mbili nikitafuta kitabu chake kinasema nini hasa. Ni hilo tu lililobadilika. Nakuandikia ili uwepo mtu anayejua.

Rodanthi


Petroraki Mpya, 29 Oktoba 2018

Rodanthi,

Nimerudi. Ndege sikuipenda. Supu yao ni nzuri.

Walikuja watu kama arobaini, wazee wenye makohozi meusi kama yetu. Mimi nilisoma sura ya tisa kwa Kigiriki, Halina akaisoma kwa Kipolandi. Halina alilia, mimi sikulia. Nilipofika kwenye jina la Martha, nilisimama kwanza, nikanywa maji. Nimejiita Lazaros miaka yote hiyo ili nisiseme "mimi", lakini jina la mtoto sikuwahi kulitamka kwa sauti tangu 1998. Kumbe ni jina jepesi.

Maswali yao yalikuwa ya wachimbaji. Ndoo ya mashine ina ukubwa gani? Mkanda unakwenda mita ngapi kwa sekunde? Kisha mmoja wa nyuma akainuka na kofia mkononi. Akauliza, "Yule mama amekusamehe?"

Nikasema hapana.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu sahihi, akaketi.

Nakala moja niliiweka mbele ya mlango wa Kiriaki, nikaondoka bila kubisha, kama alivyotaka. Sijui kama ameiokota. Asubuhi haikuwepo, lakini huku kuna mbwa.

Wewe nilikukasirikia hadi kiangazi. Sasa sina hasira wala sina shukrani. Nikipata mojawapo nitakuandikia.

Savas


Petroraki Mpya, 25 Novemba 2018

Bi Rodanthi,

Parthena tena ndiye anayeshika kalamu.

Kitabu ninacho. Jalada lina picha ya ardhi tupu, si mbaya. Sijui neno hata moja. Nilimwambia Parthena anitafutie jina lake. Wao wanaliandika Marta, bila ile herufi nyingine, na mara nyingine mkia wake unabadilika. Parthena anasema ndivyo lugha yao ilivyo, jina haliachwi likae lilivyo. Nikasema sawa, wamwite wanavyoweza. Tumekaa mezani siku mbili, yeye akinionyesha kila lilipo, mimi nikiweka kidole.

Savas simsalimii. Namwona dirishani, amekonda. Nimemwambia Parthena awe anampelekea chakula, lakini asiseme kimetoka wapi.

Wewe nawe nilitaka kukulaani. Kisha nikafikiri, miaka ishirini wote hawa wamejua, mkandarasi, msimamizi, Savas, na wewe peke yako ndiye uliyejibu nilipouliza.

Sasa nina swali lingine. Mtoto wangu hakuwahi kuvuka Kozani. Tulimwahidi kumpeleka Thesaloniki kuona maonyesho, akaugua. Leo wazee wa Poland wanamjua kwa jina. Nimeelewa kwamba hiyo ndiyo kazi yenu hapo ofisini, kuwatuma watu wetu kwa wageni.

Niambie ni nchi gani nyingine unazoziandikia.

Kiriaki Efremidou